Nani Anaisukuma Sheria Mpaka Kijijini?

Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji za Tanzania Bara, zote mbili za mwaka 1999, zina kifungu kifupi ambacho wakulima wengi hawajawahi kukisoma, ingawa kinawagusa kuliko vifungu vingi virefu vinavyokifuata. Kinasema kwamba haki ya mwanamke kupata, kumiliki, kutumia na kushughulika na ardhi ni sawa na haki ya mwanamume, kwa kiwango kilekile na kwa masharti yaleyale. Kimewekwa mwanzoni kabisa, katika kifungu cha 3, mahali ambapo hakuna hakimu anayeweza kudai kwamba hakukiona. Anayekisoma leo huenda akadhani kiliandikwa na watumishi wa wizara waliokuwa wakitimiza wajibu wao kimyakimya. Ukweli ni kwamba kiliingia kwa sababu wanawake walijipanga, wakabisha hodi wizarani na bungeni mpaka wakasikilizwa. Hoja ya makala haya ni kwamba kujipanga kulekule kulikokiingiza kifungu hicho kitabuni ndiko kunakokifanya kitumike kijijini, na pale ambapo kujipanga kulikoma siku Bunge lilipopiga kura, kifungu kimebaki wino.

Turudi mwaka 1991. Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda tume ya kuchunguza masuala ya ardhi chini ya uenyekiti wa Profesa Issa Shivji. Nchi ilikuwa imejaa migogoro. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ilikuwa imewahamisha watu kwa mamilioni na kuwaweka kwenye ardhi ya wenzao, na sasa, soko lilipofunguliwa, wenye ardhi wa zamani walikuwa wanadai chao huku wawekezaji wakinyemelea mapori na malisho. Tume ilizunguka nchi, ikafanya mikutano ya hadhara 277 iliyohudhuriwa na watu wapatao 83,000. Kwa nchi iliyokuwa bado ndani ya mfumo wa chama kimoja, huo ulikuwa usikivu wa aina yake, na ripoti iliyotoka inastahili heshima mpaka leo. Ilipendekeza hata mamlaka ya juu kabisa ya ardhi yaondolewe mikononi mwa Rais, na kwa ardhi ya kijiji yakabidhiwe mkutano mkuu wa kijiji.

Lakini kwenye suala la wanawake tume hiyohiyo ilipita haraka. Wachambuzi wa sheria, akiwamo Ambreena Manji, waliikosoa kwa kulichukulia suala hilo kama jambo la mirathi na mila, la kushughulikiwa kwingine na wakati mwingine. Si ajabu sana. Mkutano wa hadhara ni chombo kizuri cha demokrasia, ila kila aliyewahi kuhudhuria mkutano wa kijiji anajua nani hukaa mbele na nani hukaa pembeni, nani husimama kusema na nani huulizwa nyumbani, baada ya mkutano, kwa nini alitaka kusema. Ukiwauliza watu wote kwa pamoja bila kuwaandalia nafasi wale waliozoeshwa kunyamaza, unarudi na majibu ya waliozoea kuzungumza. Sera ya Taifa ya Ardhi ya mwaka 1995 ilibeba kasoro hiyo waziwazi: ilitamka kwamba wanawake wana haki ya kupata ardhi kwa kununua na kwa kugawiwa, kisha ikasema urithi wa ardhi ya ukoo utaendelea kufuata mila na desturi, mradi mila hizo zisipingane na Katiba. Kwa mwanamke wa kijijini asiye na fedha ya kununua shamba, mlango aliofunguliwa ni ule asioweza kuufikia, na ule alioutegemea ukaachwa kwa walinzi walewale.

Hapo ndipo vyama vya wanawake vilipoingia, na vilikuwa vimejiandaa. Chama cha Wanahabari Wanawake, TAMWA, kilikuwapo tangu 1987. Chama cha Wanasheria Wanawake, TAWLA, kilianzishwa miaka michache baadaye. Mtandao wa Jinsia, TGNP, ulizaliwa 1993, ukajenga utamaduni wa semina za kila Jumatano ambako mama wa mtaani na mhadhiri wa chuo kikuu hukaa ukumbi mmoja kujadili bajeti, maji, ukatili au ardhi. Rasimu ya muswada wa ardhi ilipoanza kuzunguka, mashirika haya na mengine yaliunda kikosi kazi cha jinsia na ardhi, TAWLA ikiongoza. Wanasheria walichambua rasimu kifungu kwa kifungu. Wanahabari waliipeleka redioni na magazetini kwa lugha inayoeleweka. Wabunge, hasa wanawake, waliandaliwa hoja za kusimama nazo. Wengine ndani ya kikosi hicho walikuwa na uzoefu wa mapambano ya karibu: mwaka 1998 Bunge lilipitisha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana, iliyoongeza adhabu za ubakaji na udhalilishaji, baada ya kampeni ambayo TAMWA ilikuwa mstari wa mbele. Walishajua mlango wa kamati ya Bunge uko wapi na hufunguliwa saa ngapi.

Februari 1999 sheria zote mbili zilipita, zikaanza kutumika Mei 2001. Mbali na kifungu cha usawa, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ilisema kwamba kanuni yoyote ya mila inayomnyima mwanamke, mtoto au mtu mwenye ulemavu fursa halali ya kumiliki, kukalia au kutumia ardhi haina nguvu. Iliiagiza halmashauri ya kijiji isiyachukulie maombi ya ardhi ya mwanamke, au ya kikundi cha wanawake, kwa namna duni kuliko ya mwanamume. Iliweka wajumbe wanawake watatu kati ya saba wa baraza la ardhi la kijiji, na wasiopungua wanne katika kamati ya uhakiki wa ardhi yenye wajumbe wasiozidi tisa. Sheria ya Ardhi nayo iliutambua umiliki wa pamoja wa wanandoa, na ikazuia nyumba ya familia kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenzi. Kwa kazi ya miaka michache, hayo si mavuno haba.

Wapo waliosema, na bado wanasema, kwamba ushindi huo ulipatikana kwa bei mbaya. Wakati kikosi cha wanawake kikisukuma vifungu vyake, kulikuwa na jukwaa jingine la ardhi, lililoundwa 1997 na kuwakusanya wanazuoni, wafugaji na watetezi wa wakulima, ambalo halikutaka kurekebisha vifungu tu. Lilitaka muswada wote urudishwe kwenye pendekezo la Tume ya Shivji: ardhi itoke mikononi mwa dola, ikae kwa wanakijiji. Makundi haya mawili yalikutana, yakazungumza, lakini hayakwenda njia moja hadi mwisho. Hoja ya jukwaa hilo ilikuwa nzito: usawa wa mwanamke na mwanamume juu ya ardhi ambayo dola inaweza kuichukua wakati wowote ni usawa wa wapangaji wawili. Na kwa kweli serikali iliona wepesi zaidi kutoa kifungu cha usawa, kisichoipunguzia mamlaka yake hata chembe, kuliko kuachia hatamu za ardhi.

Naiona nguvu ya hoja hiyo, lakini siamini kwamba wanawake walikosea. Kukabidhi ardhi yote kwa mkutano mkuu wa kijiji, bila kwanza kuweka wazi haki ya mwanamke ndani ya mkutano huo, kungekuwa kumtoa mikononi mwa dola na kumkabidhi kwa ukoo. Mwanamke hakuwa na sababu ya kuamini kwamba mabwana wapya wangekuwa wapole kuliko wa zamani. Waliogoma kusubiri mapinduzi makubwa ili wapate angalau kifungu cha kushika walisoma hali ilivyokuwa. Kosa, kama lipo, liko kwenye kile ambacho hakikudaiwa kwa nguvu ileile, yaani mirathi.

Mirathi ndiyo njia kuu ambayo ardhi hupita kutoka mkono mmoja kwenda mwingine vijijini. Na mirathi ya kimila kwa makabila mengi ya Bara inaongozwa na tamko la serikali la mwaka 1963, lililokusanya na kuandika mila za jamii zinazofuata ukoo wa baba. Ndani yake mtoto wa kike amewekwa daraja la tatu, la mwisho, na kwa ardhi ya ukoo anaruhusiwa kuitumia bila kuiuza. Mjane hana fungu lake kama marehemu ameacha ndugu wa ukoo. Fungu lake, kwa maneno ya tamko, ni kutunzwa na watoto wake. Sheria ya 1999 haikulifuta tamko hili. Kifungu kinachotengua mila kandamizi kinaweza kutumika dhidi yake, lakini ni lazima awepo mtu wa kukitumia, na mtu huyo kwa kawaida ni mjane mwenye watoto, asiye na nauli ya kwenda wilayani, anayewashitaki shemeji anaoishi nao uani pamoja.

Mahakama zimejaribu, kwa mwendo wa kusuasua. Mwaka 1990, katika kesi ya Bernardo Ephrahim na Holaria Pastory iliyotoka Kagera, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua kwamba mwanamke wa Kihaya aliyerithi shamba la baba yake kwa wosia ana haki ya kuliuza kama mwanamume, kwa sababu Katiba inakataza ubaguzi. Ilikuwa hukumu ya kijasiri. Ila miaka kumi na sita baadaye, wajane wawili kutoka Shinyanga walipoomba tamko la 1963 libatilishwe, Mahakama Kuu ilikiri kwamba lina ubaguzi kisha ikasita kulifuta, ikiogopa kwamba kubadilisha mila kwa hukumu kungefungua mlango usiofungika. Mahakama ya Rufani iliitupa rufaa yao mwaka 2010 kwa kasoro ya kiutaratibu. Wakapeleka shauri kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kutokomeza ubaguzi dhidi ya wanawake, na mwaka 2015 kamati hiyo ikaamua kwamba Tanzania ilikiuka haki zao na inapaswa kurekebisha sheria zake. Miaka mingi baada ya uamuzi huo, tamko la 1963 liliendelea kukaa vitabuni.

Kesi nyingine inasimulia jambo hilohilo. Mwaka 2016 Rebeca Gyumi, mwanasheria kijana, aliishinda serikali Mahakama Kuu kuhusu vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vinavyoruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, au 14 kwa idhini ya mahakama. Serikali ilikata rufaa, ikashindwa tena Oktoba 2019. Mahakama ilikuwa imetoa mwaka mmoja wa kufanya marekebisho. Mwaka 2024 marekebisho yalikuwa bado. Serikali ilisema inahitaji kukusanya maoni zaidi. Mtu anaweza kuishinda serikali katika mahakama mbili mfululizo na bado asiishinde ratiba ya Bunge, kwa kuwa ratiba ya Bunge hupangwa na hofu ya wabunge juu ya wapiga kura wao. Mbunge ambaye hajawahi kuulizwa na wanawake wa jimbo lake kwa nini sheria hiyo haijarekebishwa hana haraka yoyote. Akiulizwa katika kata kumi na tano ndani ya mwezi mmoja, atainuka.

Kwa hiyo swali la msingi linarudi chini: nani yuko kijijini siku mjane anapofukuzwa shambani? Sheria imeweka wanawake watatu ndani ya baraza la ardhi la kijiji, jambo jema. Wajumbe hao huteuliwa na halmashauri ya kijiji na kuthibitishwa na mkutano mkuu, na halmashauri yenyewe kwa sheria inapaswa kuwa na wanawake wasiopungua robo. Lakini kiti hakizungumzi. Mwanamke aliyeteuliwa kwa sababu ni shemeji wa mwenyekiti, asiyejua kifungu cha 20, kile kinachotengua mila kandamizi, kinasema nini, na ambaye akisimama upande wa mjane hana kundi la kumuunga mkono nje ya kikao, atanyamaza kama wengine, na hatuna haki ya kumlaumu. Linganisha na mjumbe anayetoka kwenye kikundi cha wanawake waliokwishakaa na msaidizi wa kisheria wakaisoma sheria kwa Kiswahili, wakakubaliana mapema kwamba shauri la jirani yao litakapokuja wataenda wote kukaa barazani wasikilize. Sheria ni ileile, idadi ya viti ni ileile, na uamuzi hautafanana.

Hapa niseme neno kuhusu lugha, maana imesahaulika. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, iliyokusudiwa kutumiwa na wakulima katika maelfu ya vijiji, ilitungwa kwa Kiingereza. Kwa miaka mingi kazi ya kuifikisha kwa wenye nayo ilifanywa na asasi kama HakiArdhi, iliyoanzishwa 1994, na vyama vya wanawake, kwa vijitabu, redio za jamii na mafunzo. Mwaka 2021 tu ndipo Bunge lilipobadilisha utaratibu ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria. Watu wanaodai kwamba asasi hizi hazifanyi lolote ila semina wangepaswa kukumbuka kwamba, bila semina hizo, kwa miongo miwili haki ya mwanakijiji ingebaki kwenye lugha asiyoielewa.

Wasaidizi wa kisheria ni mfano mzuri wa jinsi jambo la chini linavyogeuka kuwa sera. Walianza kama watu wa kujitolea, wengi wao wanawake wasio na shahada ya sheria, waliofundishwa na mashirika kama Kituo cha Msaada wa Sheria kwa Wanawake, WLAC, ili wawaelekeze wenzao namna ya kufungua shauri la mirathi, kudai matunzo ya mtoto au kuandika malalamiko. Walikuwa hawatambuliwi popote. Mahakimu wengine waliwaona kama vishoka. Waliendelea hivyohivyo, kazi yao ikaonekana, na mwaka 2017 Sheria ya Msaada wa Kisheria iliwatambua rasmi. Hakuna mtaalamu kutoka nje aliyeleta wazo hilo ndani ya mkoba. Lilikuwa limeshafanyiwa majaribio kijijini kabla halijaandikwa Dodoma.

Huko Loliondo, wilayani Ngorongoro, Baraza la Wanawake Wafugaji, lililoanzishwa 1997 na akina Maanda Ngoitiko, lilifuata njia inayofanana na hiyo kwa mazingira magumu zaidi. Jamii ya Kimaasai ina viongozi wake wa mila, na mwanamke kwa desturi hamiliki ng'ombe wala ardhi kwa jina lake. Baraza lilijenga majukwaa ya haki na uongozi ya wanawake vijijini, likaunganisha suala la ardhi na mifugo, mikopo midogo na elimu ya mabinti, na likazungumza na viongozi wa mila badala ya kuwakwepa. Uunganishaji huo una maana kuliko unavyoonekana. Mwanamke hatokei kwenye mkutano wa sera kwa sababu ya sera; anatokea kwa sababu ya kikundi anachoweka akiba, ambako tayari anaaminika na anasikilizwa. Vikoba na vikundi vya kuweka na kukopa vimefanya kazi ya kisiasa ambayo vyama vya siasa vingejivunia: vimewafundisha mamilioni ya wanawake kuongoza kikao, kutunza daftari, kupiga kura ya siri na kumwondoa mweka hazina asiyeaminika.

Upinzani wa kwanza dhidi ya haya yote ni kwamba ni mambo ya wafadhili, yaliyopandikizwa kutoka nje. Kuna chembe ya ukweli: asasi nyingi zinaishi kwa fedha za kigeni, na mradi unapoisha ofisi ya wilayani hufungwa, ukiacha mabango. Hilo ni tatizo na nitalirudia. Lakini kudai kwamba kujipanga kwa wanawake ni kitu cha kigeni ni kutojua historia ya nchi hii. Mwaka 1955, TANU ilipohitaji wanawake, ilimwendea Bibi Titi Mohamed, naye alikwenda kwa viongozi wa vikundi vya ngoma vya Dar es Salaam. Ndani ya miezi michache maelfu ya wanawake walikuwa wamechukua kadi, wakati wanaume wengi, hasa watumishi wa serikali ya kikoloni, walikuwa bado wanaogopa. Mtandao uliotumika ulikuwa wa shughuli za harusi, vifijo na michango ya kusaidiana. Msomi Susan Geiger aliyewahoji wanawake hao aliandika kitabu kizima kuonyesha kwamba bila wao uhuru usingekuja kwa sura tuliyoijua. Njia ya kikundi kwenda kwenye sera ni ya kwetu na ni ya zamani.

Upinzani wa pili ni wa mila, na huu unastahili kujibiwa kwa adabu. Wanaousema si lazima wawe wakatili. Hofu yao ni kwamba binti akirithi shamba la ukoo na kuolewa mbali, ardhi itakwenda kwa watu baki, na makaburi ya wazee yatalimwa na wageni. Hofu hiyo ina msingi katika kihamba cha Kilimanjaro au kibanja cha Bukoba, ambako ardhi ni finyu na kila mgomba una jina. Lakini ardhi ya ukoo huuzwa pia na wana wa kiume wenye deni au kiu. Ukilinda ardhi ya ukoo kwa kumnyima binti peke yake, umeziba tundu la panya ukaacha mlango wazi. Ukoo unaotaka kweli kuhifadhi shamba unaweza kuweka masharti yanayowabana watoto wote kwa usawa, na hakuna sheria inayouzuia.

Isitoshe, ugumu wa mila mara nyingi ni mdogo kuliko tunavyohadithiwa. Watafiti waliofanya jaribio katika makazi yasiyopimwa ya Dar es Salaam, na kuchapisha matokeo 2014, waliwapa wakazi punguzo la gharama ya kupata hati kwa sharti kwamba jina la mwanamke liwemo kama mmiliki au mmiliki mwenza. Karibu wote waliochukua hati kwa punguzo hilo waliandika jina la mwanamke, na hamu ya kuchukua hati haikupungua. Wanaume waliodhaniwa kuwa wangekataa katakata walikubali kwa punguzo dogo. Mji si kijiji, najua. Lakini inaonyesha kwamba sehemu kubwa ya kile tunachokiita mila ni mazoea ambayo hakuna aliyewahi kuombwa kuyaacha. Na faida inaonekana: utafiti wa Amber Peterman uliofuatilia kaya za Kagera kati ya 1991 na 2004 ulikuta kwamba mahali haki za mali za wanawake zilipoimarika katika jamii, wanawake walipata zaidi kazi na kipato nje ya shughuli za nyumbani.

Upinzani wa tatu ni wa kuridhika. Tuna Rais mwanamke tangu Machi 2021, tuna viti maalumu bungeni, tuna sheria nzuri. Wanawake wanataka nini tena? Jibu fupi ni kwamba kiongozi wa juu hufanya lile analosukumwa kufanya, awe mwanamume au mwanamke. Tazama fedha. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 halmashauri ziliagizwa kutenga sehemu ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo ya wanawake na vijana. Lilikuwa agizo, na nyingi zilitenga pale zilipotaka. Mwaka 2018 agizo likawa sheria: asilimia kumi, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu, bila riba. Mwaka 2023 serikali ilisitisha mikopo hiyo kwa sababu ya ubadhirifu na vikundi hewa, kisha ikairudisha 2024 kwa utaratibu mpya. Vikundi hewa hustawi pale ambapo vikundi halisi havijulikani na havihoji orodha ikibandikwa.

Nilisema nitarudi kwenye tatizo la wafadhili. Undani wake ni huu: mfumo wetu umependelea asasi ndogo za kitaalamu kuliko chombo kikubwa chenye wanachama. Katikati ya miaka ya 1990 kulikuwa na Baraza la Wanawake Tanzania, BAWATA, chini ya Profesa Anna Tibaijuka, lililotaka kuwa chombo cha wanawake wote bila kujali chama. Lilipoanza kuwapima wagombea wa uchaguzi wa 1995 kwa msimamo wao juu ya wanawake, serikali ililishutumu kwamba linafanya kazi kama chama cha siasa, na mwaka 1997 likafutiwa usajili. Somo walilolipata wengi lilikuwa baya: kuwa na utaalamu kunavumiliwa, kuwa na wanachama kunatisha. Tangu hapo nguvu nyingi zimekaa kwenye ofisi za Dar es Salaam zenye wanasheria hodari na wanachama wachache, na mfadhili anapoondoka hakuna ada ya mwanachama ya kulipia pango. TGNP imejaribu kuziba pengo hilo kwa vituo vya taarifa na maarifa katika kata, vinavyoendeshwa na wanajamii wenyewe, na huo ndio mwelekeo sahihi, ingawa bado ni vichache kwa nchi yenye zaidi ya watu milioni 61 kwa sensa ya 2022.

Kwa hiyo ninapoulizwa kama harakati za wanawake wa Tanzania zimefaulu au zimeshindwa kwenye ardhi, jibu langu ni kwamba zilifaulu kutunga sheria na zimefaulu kwa sehemu kuitumia, na tofauti kati ya kijiji kilichofaulu na kilichoshindwa haitokani na sheria kwa kuwa ni moja kwa vyote. Mapambano yanayofuata, ya kufuta tamko la 1963 na kurekebisha Sheria ya Ndoa, hayatashindwa kwa kukosa hoja wala hukumu, maana vyote vipo. Yatategemea kama wabunge wataulizwa majimboni.

Mkutano mkuu wa kijiji kwa taratibu unapaswa kuitishwa angalau mara moja kila miezi mitatu. Kama unaishi kijijini, uliza wa mwisho ulikuwa lini. Kisha uliza majina ya wanawake watatu walio kwenye baraza la ardhi, nani aliwapendekeza, na kama kikundi chako kimewahi kukaa nao. Kama hakijakaa nao, kikao kijacho cha kikundi kina ajenda.